Tiketi ya Mtu Mmoja

Kitanda kilikuwa kitupu.

Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, wasomaji wangu, na habari zimenifikia kwamba wengine mmenitukana kwa hilo. Haya, turudi mlangoni. Fundi Meno bado ameshika kitasa cha chumba cha mama yake. Mkoba uko begani, mdomo uko wazi.

Kwa aliyelichukua gazeti leo kwa mara ya kwanza, ayajue haya machache. Fundi Meno ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, hajaolewa, anatengeneza meno ya bandia kwenye chumba cha nyuma cha kliniki ya meno. Anaishi na mama yake. Mama aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na tangu hapo miaka imepita bila kukanyaga sakafu kwa mguu wake. Fundi ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayemlisha, anayembeba mgongoni kumtoa nje aote jua. Na mwaka huu Fundi amefanya jambo ambalo ukoo mzima unalisema kwa kunong'ona: amekata tiketi ya kwenda ng'ambo, peke yake, kutembelea bustani kubwa ya michezo. Zile bustani zenye mabembea marefu kuliko maghorofa, na garimoshi linalopandishwa juu kabisa halafu likaachiwa lianguke na watu wake ndani.

Ndege ilikuwa jioni ya siku ile ile.

Fundi alikuwa ametoka kazini mapema ili amkabidhi mama kwa mdogo wake wa kike, aoge, aondoke. Akafungua mlango. Akakuta godoro tu.

"Mama?"

Wazo la kwanza lilikuwa la msiba. Kisha akaliona shuka. Lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, na mto umewekwa juu yake.

Mgonjwa asiyeweza kusimama hakunji shuka. Na maiti ndiyo kabisa.

Ndipo aliposikia sauti ya zipu.

Ilitoka chumbani kwake mwenyewe.

Fundi alivua viatu akavishika mkononi. Akapita ukumbini akinyata kama mwizi ndani ya nyumba anayoilipia yeye. Mlango wa chumba chake ulikuwa umeegeshwa. Akausukuma kwa kidole.

Mama alikuwa amesimama.

Hakushika ukuta. Hakushika kiti. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, uzito wote kwenye mguu ule ule wa nyonga iliyovunjika, mguu mwingine ameupumzisha kama mtu anayesubiri zamu yake dukani. Sanduku la safari lilikuwa wazi mbele yake. Blauzi zilikuwa zimetupwa huku na huku. Naye alikuwa anapekua, taratibu, huku akiimba wimbo kwa sauti ya puani.

"Mama."

Mama aligeuka. Kwa kufumba na kufumbua uso wake ulipita sura tatu: ya mwizi, ya mtoto, kisha ya mgonjwa. Ile ya mgonjwa ikabaki. Magoti yakakunjika, akaanguka chini. Lakini kabla hajaanguka, Fundi alimwona akitupa jicho nyuma kuhakikisha kwamba zulia lipo.

"Uwii! Mguu wangu! Mwanangu, mguu wangu!"

"Inuka, Mama."

"Siwezi. Nimejikokota kwa matako mpaka hapa, nilikuwa natafuta dawa ya..."

"Umekunja shuka."

"Nini?"

"Shuka lako umelikunja. Na sanduku hili nililiacha juu ya kabati, pale ambapo mimi mwenyewe nafika kwa kupanda stuli. Inuka."

Mama hakuinuka. Alikaa pale pale juu ya zulia, akashusha gauni lake la kulalia likafunika magoti, akatazama pembeni.

Fundi alipapasa mfuko wa ndani wa sanduku, akaukuta mtupu. "Paspoti yangu iko wapi?"

"Sijui habari ya paspoti."

"Mama, iko wapi?"

Mama alisonya. Akatia mkono kifuani, akachomoa kijitabu cha jalada la buluu, akakitupa sakafuni kama anayemtupia mbwa mfupa.

"Chukua! Chukua uende kwenye mabembea yako. Mama yako afie hapa."

Fundi alikiokota akakitumbukiza kwenye mkoba. Sauti ilimtoka kavu.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini unatembea?"

Mama alifungua mdomo. Na hapo hapo mlango wa mbele ukabamizwa, sauti nzito ikanguruma kutoka sebuleni.

"Yuko wapi huyo msafiri?"

Alikuwa kaka mkubwa. Jina lake la mtaani ni Mwenyekiti, kwa sababu hakuna harusi, msiba wala ugomvi ambao hauongozi yeye, awe amealikwa au hakualikwa. Nyuma yake alikuja Kitindamimba, dada mdogo, amebeba mfuko wa nguo za kulala. Mama alikuwa amewapigia simu asubuhi, mara tu Fundi alipoondoka.

Waliingia chumbani. Wakamkuta mama sakafuni, nywele timutimu. Wakamkuta Fundi amesimama juu yake, viatu mkononi.

"Umemfanya nini Mama?" Mwenyekiti alifoka.

"Muulize mwenyewe."

Mwenyekiti alipiga goti. "Mama, amekusukuma?"

Neno moja tu lilitosha. Hapana. Mama alikuwa nalo mdomoni, Fundi aliliona kabisa. Lakini mama alifumba macho, akageuzia uso wake ukutani, na hakusema kitu.

Kimya kile kilimchoma Fundi kuliko uongo wowote.

"Mshike huku," Mwenyekiti alimwamuru Kitindamimba. Wakambeba mama wote wawili mpaka sebuleni, wakamlaza kwenye kochi, wakamfunika kanga. Mama aliguna kwa kila hatua. Fundi aliwafuata nyuma, na miguu ile iliyokuwa inaning'inia hewani ndiyo aliyoikazia macho. Visigino vilikuwa vigumu, vyenye mipasuko. Visigino vya mtu anayetembea. Ni mara ngapi alikuwa ameviosha bila kuviona?

Mwenyekiti alivuta kiti akakaa katikati ya sebule, kama kawaida yake.

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Niko sawa nikisimama."

"Kaa, tuzungumze kama watu wazima. Kwanza nikuulize. Angekuwa mtu anakwenda ng'ambo kutibiwa, ningesema sawa. Kusoma, sawa. Kutafuta kazi, mimi mwenyewe ningekusindikiza. Lakini wewe, na mvi hizo, unamwacha mzazi kitandani unakwenda kupanda bembea! Watu wakiniuliza niwaambie nini?"

"Waambie nimekwenda kupanda bembea."

Kitindamimba aliachia kicheko, akajiziba mdomo haraka.

"Utapanda na nani?" Mwenyekiti aliendelea. "Wenzako huko wanakwenda na watoto. Wanakwenda na waume zao. Wewe utakaa pembeni na nani?"

"Kuna foleni ya waliokuja peke yao," Fundi alisema. "Wanatujaza kwenye viti vinavyobaki. Inakwenda haraka kuliko foleni zote."

Na hilo alilijua vizuri. Alikuwa ameipanga safari hii kwa miezi, wakati wa mapumziko ya mchana, akila mkate katikati ya sanamu za plasta za vinywa vya watu. Ramani ya bustani aliibandika ndani ya mlango wa kabati la kazini. Alijua aanze na mchezo gani asubuhi kabla watu hawajajaa, ajifiche wapi mvua ikinyesha, akalie benchi gani miguu ikimuuma. Hakuna safari iliyowahi kupangwa kwa uangalifu namna ile na mtu asiyekuwa na wa kumsimulia.

"Dada," Kitindamimba alisema kwa sauti ya kubembeleza, "sema tu ukweli. Una mtu huko?"

"Sina mtu."

"Sasa unafuata nini?"

Fundi aliwatazama wote watatu. Hakuwa amekusudia kusema. Lilimtoka tu.

"Nafuata kupiga kelele."

"Kupiga nini?"

"Niliona kwenye televisheni ya kliniki. Lile garimoshi likiachiwa, watu wanapiga kelele. Wanawake wa umri wangu, wamepanua midomo mpaka koo linaonekana. Likisimama wanashuka, wanajitengeneza nywele, wanakwenda zao. Hakuna anayewauliza nani amekufa. Mimi ndani ya nyumba hii nimeongea kwa kunong'ona miaka yote, Mama asishtuke, Mama amelala, Mama anaumwa. Nataka mahali pa kupiga kelele. Ndiyo hilo tu."

Mwenyekiti alikuna kidevu. "Huyu anahitaji daktari," alimwambia Kitindamimba, kana kwamba Fundi hayupo.

"Mama anatembea," Fundi alisema.

Alilisema bila kupaza sauti, kisha akasubiri. Alisubiri kaka yake aruke kutoka kwenye kiti. Alisubiri mdogo wake apige yowe, aulize, abishe, amwite mwongo. Chochote.

Mwenyekiti alimtazama Kitindamimba. Kitindamimba alitazama kucha zake.

"Nimesema Mama anatembea. Nimemkuta kwa macho yangu."

"Tumesikia," Mwenyekiti alijibu.

Msomaji, kuna maneno mafupi yanayobomoa nyumba. Fundi alihisi sakafu inazama taratibu. Akashika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu.

"Mlijua."

Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nyote wawili mlijua."

"Mimi nilimwambia Kaka tukwambie!" Kitindamimba aliangua kilio. "Dada, haki ya Mungu nilimwambia! Akasema tukikwambia utaondoka, na ukiondoka Mama atakuja kukaa kwangu, na mume wangu unamjua..."

"Nyamaza wewe!" Mwenyekiti alifoka.

"Ulimwambia lini?" Fundi aliuliza.

"Zamani."

"Zamani ya lini?"

"Nimesema unyamaze!"

Lakini Kitindamimba akishaanza kulia hafungiki.

"Wakati ule wa Mpima."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa.

Wasomaji wa zamani mnamkumbuka Mpima. Kwa wengine: alikuwa mpima ardhi, mrefu, mpole, aliyekuwa anakuja nyumbani hapo siku za Jumapili na kukaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mtu asiyetaka kuleta usumbufu. Ndiye mwanamume pekee aliyewahi kumwuliza Fundi anapenda nini. Alipohamishiwa kazi mbali, alimwomba aolewe naye waende pamoja. Fundi alimjibu pale getini: mama yangu hawezi kusimama, nikimwacha atakufa. Mpima alisema atasubiri. Akasubiri kweli. Kisha akachoka kama binadamu wengine, akaoa kwingine, na sasa ana watoto wanaokwenda shule.

Fundi alipiga hatua mpaka kwenye kochi. Alimwinamia mama yake, karibu kabisa, kama alivyokuwa akimwinamia kila usiku kumgeuza ubavu.

"Mama. Siku ile Mpima ananiaga, ulikuwa unatembea?"

Mama alikuwa amefumba macho. Kope zilikuwa zinacheza.

"Mama."

"Hatua chache tu," mama alisema.

"Mpaka wapi?"

"Mpaka dirishani." Mama alifumbua macho. Yalikuwa makavu. "Niliwaona pale getini. Nilisimama dirishani nikawaona mnaagana. Nilikuona unavyolia."

"Ukarudi kitandani," Fundi alisema.

"Nikarudi kitandani."

"Nilipoingia ulikuwa umejifunika mpaka shingoni. Ukaniambia nikupe maji."

"Nilikuwa na kiu."

Fundi alitoa kicheko kimoja kifupi, kibaya, kilichomshtua hata yeye mwenyewe.

Mama aliinuka akakaa kitako. Aliinuka bila kusaidiwa na mtu, na sasa hakujali tena nani anaona.

"Nitazame vizuri," alisema. "Mnadhani nilipenda? Mnadhani kulala chali mchana kutwa kuhesabu nyufa za dari ni starehe? Niliogopa. Kaka yako ana mke. Mdogo wako ana mume. Mimi nina nani? Nina wewe."

"Na mimi nina nani, Mama?"

Mama alimshangaa, kama aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

"Una mimi."

Fundi alinyooka. Kilichokuwa kimebaki kikakatika hapo, kwenye maneno hayo mawili, wala hakikutoa sauti. Aligeuka akaingia chumbani kwake. Waliokuwa sebuleni walisikia blauzi zinakung'utwa. Walisikia zipu inafungwa.

Alipotoka na sanduku, Mwenyekiti alikuwa amesimama kwenye mlango wa mbele, mikono ameipanua, ameshika miimo yote miwili.

"Hutoki."

"Kaka, sogea."

"Hutoki nyumba hii! Tumekosea, sawa, tutakaa, tutaomba radhi, mambo ya nyumbani yanamalizwa nyumbani. Lakini nani atamwangalia Mama?"

"Wewe hapo umesimama. Mwangalie."

"Mimi nina kazi!"

"Mimi nilikuwa na nini?"

"Dada," Kitindamimba alilia, "mimi sijui hata dawa zake..."

"Bafu ni mlango wa pili kulia. Msimwonyeshe. Anajua njia."

Mwenyekiti hakusogea. Ni mtu mwenye mwili, na Fundi ni mwembamba. Walisimama wakitazamana, sanduku katikati yao, na pengine wangesimama hivyo mpaka ndege iondoke.

Nje ikapigwa honi. Mara mbili, halafu hodi ya mtu mwenye haraka zake. Kwenye ngazi alisimama dereva wa teksi, kijana mnene mwenye uso wa furaha, akichungulia chini ya kwapa la Mwenyekiti.

"Hamjambo humu? Samahani, mzee wangu. Mzigo wa uwanja wa ndege ndio huo?"

Sasa sikieni kuhusu Mwenyekiti. Anaweza kumfokea dada yake, anaweza kumfokea mke wake, lakini mbele ya mtu baki hajawahi kuonekana na doa. Alishusha mikono. Akatabasamu. Akasema, "Ndio huo, kijana, pita," na akapisha njia kwa adabu kana kwamba ndiye aliyeiita teksi.

Fundi alipita bila kumgusa. Nyuma yake alisikia sauti ya mama ikimwita kwa jina lake la utotoni, lile ambalo hakuna mwingine anayelitamka tena. Aliingia kwenye gari akafunga mlango.

"Twende."

Teksi ilipita mtaani polepole. Majirani walikuwa vibarazani, wale wale waliokuwa wakimletea mama supu na matunda, na kumwambia Fundi kila walipokutana naye kwamba thawabu zake ziko mbinguni. Wakampungia mkono. Hakuwapungia.

"Safari ya kikazi, dada?" dereva aliuliza.

"Hapana."

"Ya matibabu?"

"Hapana."

Dereva alimtazama kwenye kioo, akaona afadhali awashe redio.

Walikuwa wamefika kwenye daraja la mto foleni ilipowakamata. Magari yalisimama mbele, yakasimama nyuma. Fundi alitazama saa. Muda bado ulikuwepo, lakini si wa kuchezea. Ili kujituliza alifungua mkoba ahakikishe vitu vyake. Tiketi ipo. Miwani ipo. Akatoa paspoti, akaifungua kwenye ukurasa wa picha.

Mama yake alikuwa anamtazama.

Fundi alipepesa macho. Akafunika, akafunua tena. Picha ni ya mama. Jina ni la mama. Hii ilikuwa ile paspoti waliyomkatia zamani, wakati Fundi alipokopa huku na huku ili ampeleke ng'ambo akafanyiwe upasuaji wa nyonga, na siku zilipokaribia mama akakataa katakata, akasema ameshazoea kitanda chake, asisumbuliwe. Fundi alilia siku ile kwa huruma. Leo ndipo alipoelewa mgonjwa wake aliogopa nini. Aliogopa madaktari wasije wakamwambia mwanawe ukweli.

Na paspoti zote mbili mama alikuwa nazo kifuani. Akachomoa moja.

"Geuza gari," Fundi alisema.

"Dada, nigeuze vipi? Si unaona?"

Ni kweli. Nyuma yao daraja lilikuwa limejaa magari mpaka mwisho. Dereva alichungulia kwenye kioo chake cha pembeni, akachungulia tena, akapunguza redio.

"Hee! Jamani, hebu ona yule bibi!"

Katikati ya magari pikipiki moja ilikuwa inapenya, ikipinda kushoto, ikipinda kulia, honi haikomi. Nyuma ya mwendeshaji alikaa mwanamke mzee, amevaa gauni la kulalia, miguu peku, nywele zinapepea. Kwa mkono mmoja alishika bega la kijana wa watu. Mkono wa pili aliuinua juu, na ndani yake kulikuwa na kijitabu cha buluu.

Fundi alifungua mlango akashuka.

Pikipiki ilisimama hatua chache kutoka kwake. Mama aliteremka. Hakuguna, hakushikwa mkono. Aliteremka kama msichana.

"Bibi, nauli yangu?" mwendesha pikipiki aliuliza.

"Binti yangu atalipa," mama alisema bila kugeuka.

Watu walianza kutoa vichwa madirishani. Mama aliwatazama, akamtazama Fundi, kisha akatembea. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye ukingo wa daraja, akaegemea chuma, akanyoosha mkono wake wenye paspoti nje, juu ya maji.

"Usisogee," alisema.

"Mama, nipe."

"Tiketi ya mtu mmoja!" Sauti ya mama ilipasuka. "Umekata tiketi ya mtu mmoja! Hata kuniuliza! Hata siku moja kunitamkia, Mama, na wewe ungependa kwenda?"

"Ningekuulizaje, Mama? Ulikuwa hutembei."

Mtu fulani kwenye gari la nyuma alicheka, akidhani ni mzaha. Mama hakumjali.

"Twende nyumbani," alisema, safari hii kwa kubembeleza. "Twende, mwanangu, nitakupa. Nitakuwa napika mwenyewe. Nitafua. Nitakuoshea hata wewe nguo zako. Panda gari twende, tusahau haya. La sivyo naitupa, na Mungu ananiona."

Mto ulikuwa umejaa, maji ya kahawia, yanakwenda kasi. Mbele foleni ilianza kujongea. Magari ya nyuma yakapiga honi. Dereva alitoa kichwa nje.

"Dada! Njia imefunguka! Tunaingia au hatuingii?"

Fundi alikuwa anamtazama mama yake, amesimama wima kwenye upepo, miguu miwili imekanyaga lami sawasawa. Miaka yote ile alikuwa ameomba kuona jambo hilo. Alikuwa ameliombea akiwa amepiga magoti.

Akapiga hatua moja nyuma.

"Itupe, Mama."

"Unasema?"

"Itupe. Nitakata nyingine, hata kama ni mwakani. Lakini ukishaitupa, nyumbani kwangu hurudi tena kwa mgongo wangu. Utarudi kwa miguu yako, kuanzia hapa, watu wote wakikuona. Na ukifika, utajifungulia mlango mwenyewe, maana mimi sitakuwemo."

Mama alimkazia macho, akitafuta usoni mwake yule binti aliyemzoea. Alitafuta kwa muda mrefu. Mkono ulikuwa bado juu ya maji.

Kidole cha kwanza kikaachia. Kisha cha pili.